Mtoto wa mwenzetu yuko Kibong'oto, hospitali ya TB, wateja wamemkimbia mama yake. Sisi marafiki tushike wapi?

Mama_Mapazia, Moshi

Habari za jioni wanajukwaa. Naandikia simu ndogo na miwani nimeisahau kwenye meza ya biashara, mkiona herufi zimerukana mnisamehe.

Tuko wanawake wanne, soko la Memorial hapa Moshi. Mimi nauza mapazia na mashuka ya mtumba, mwenzangu mmoja nguo za watoto, mwingine viatu, na wa nne ni mama lishe. Huyo wa nne ndiye aliyenileta hapa, nitamwita Mama J. Tulianza pamoja, robota la kwanza tulinunua kwa kuchangishana, wengine tuna mimba, leo hao watoto wametupita urefu. Tunacheza mchezo wa kupeana hela pamoja, tunauguzana, tunazikana. Ukiniuliza ndugu zangu ni akina nani nitaanza na hao kabla ya wa tumbo moja.

Kijana wake mkubwa ana miaka 27, yuko Mererani kwenye tanzanaiti, mwanaapolo, yaani mchimbaji. Desemba alipanda Old Moshi kula Krismasi kama watu wote, anakohoa. Kila mtu akasema vumbi. Yeye mwenyewe akasema vumbi. Akarudi mgodini, akaenda zahanati moja huko akapewa dawa ya maji na vidonge, vikaisha, akapewa vingine. Mwezi jana usiku akaanza kutema damu, na si ile ya kutia doa kwenye leso, ni damu ya kukingia beseni. Wenzake wakampakia kwenye gari wakamkimbiza. Sasa amelazwa Kibong'oto, kule Siha. Makohozi yamepimwa, ni TB, na kipimo hicho hicho kimeonyesha kuna dawa moja kubwa ambayo wadudu wake hawaisikii. Wamechukua makohozi mengine ya kuotesha wadudu maabara ili wajue dawa zipi zinamfaa. Majibu bado.

Sasa mambo yenyewe.

La kwanza ni biashara. Jirani wa banda alimsikia Mama J akiongea na binti yake kwenye simu, anataja Kibong'oto. Wenyeji mnajua jina hilo likitajwa huku kwetu watu wanawaza nini. Kesho yake saa nne asubuhi makuli wote wamehamia banda la pili. Kuna mmoja, huyo nilicheka kwa hasira, alikuja na hotipoti yake kutoka nyumbani apakuliwe humo, akaenda kulia juani amesimama. Kiburu, zile ndizi na maharage, kilichokuwa kinaisha saa saba sasa mama anarudi nacho nyumbani. Na nauli ya kwenda kumuona mtoto inatoka kwenye sufuria hiyo hiyo.

La pili, kikao cha mchezo. Tulikutana Jumapili nyumbani kwa mwanachama mmoja, kule tuko wengi, si sisi wanne tu. Chai ikamiminwa kwenye vile vikombe vya maua vya wageni. Mama J akaletewa cha plastiki, vile vya kutupa. Yeye peke yake. Akakiangalia, akasema asante, akaanza kunywa. Nikakichukua mkononi mwake nikampa cha kwangu, nikanywa cha plastiki mpaka mwisho. Mwenye nyumba ameona, wote wameona, hakuna aliyefungua mdomo, tukaendelea kuhesabu hela.

La tatu ni yeye mwenyewe. Halali, hali. Kila siku anataka aende. Anapanda haisi mpaka Boma Ng'ombe, anabadilisha ya Sanya Juu, halafu boda. Anafika, anamuona mtoto kidogo na barakoa usoni, anageuza. Usiku yuko nyumbani, saa kumi alfajiri yuko jikoni anapika chakula kisicho na mlaji. Baba wa watoto alishatangulia. Anaishi na mjukuu wa miaka 4, mtoto wa binti yake aliye Dar.

Sitaki mniambie tumuombee. Tunamuombea, jumuiya inamuombea, mchungaji ameshafika nyumbani. Nataka kujua mikono yetu ishike wapi. Na mwenye utaalamu aniambie kweli kama kuna hatari kwetu na kwa walaji, maana siwezi kubishana na makuli kwa kelele tupu.

Nesi_Mstaafu_Machame

Mama Mapazia pole, na Mama J mpe pole zangu. Nimefanya kliniki ya kifua kikuu miaka mingi kabla sijastaafu, nitasema ninayoyajua.

TB inasafiri kwa hewa. Mwenye TB ya mapafu akikohoa au kupiga chafya, hata akiimba, vimelea vinabaki vinaelea, na chumba kikiwa kimefungwa madirisha vinakaa muda mrefu. Haipiti kwenye sahani, kijiko, kikombe, shuka wala mkono wa kusalimiana. Kile kikombe cha plastiki hakikumkinga mtu hata mmoja mle ndani. Na kubwa kuliko hilo: Mama J si mgonjwa. Mgonjwa yuko wodini Siha.

Pamoja na hayo, apimwe, na asipimwe kwa ajili ya kuwaridhisha makuli. Kijana alilala nyumba ile Krismasi anakohoa. Wote waliolala chini ya bati lile wanatakiwa wachunguzwe. Vipimo vya TB na dawa zake ni bure, asikubali kuombwa hela. Na aende na mjukuu, huyo ndiye ananitia wasiwasi kuliko wote. Mtoto wa chini ya miaka 5 akiambukizwa anaweza kuugua haraka na vibaya, inaweza kupanda hata kwenye utando wa ubongo. Akikutwa haumwi, kuna dawa za kinga, lakini ni ipi inategemea TB ya mjomba wake ni ya aina gani. Kwa hiyo wakifika kliniki waseme mapema: mgonjwa wetu anashukiwa ana TB sugu, isiyosikia dawa za kawaida. Msinunue kitu duka la dawa.

Kuhusu kuotesha: wadudu wa TB wanakua polepole sana, majibu kamili huchukua wiki kadhaa. Mwambieni mama asikae na simu mkononi akidhani anafichwa jambo. Matibabu hayasubiri majibu hayo, yanaanza kwa kile kipimo cha haraka, kisha daktari anarekebisha. Na mwondoeni hofu moja. Zamani TB sugu ilikuwa sindano kwa miezi, matibabu mwaka na nusu hadi miaka miwili, na wengine walitoka masikio hayasikii. Siku hizi ni vidonge, na tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mpango wa miezi 6 kwa wagonjwa wanaoufaa. Kama kijana ni miongoni mwao, daktari wake ndiye atasema.

Mkienda kumuona vaeni barakoa nzito ile ya N95, ya kitambaa haitoshi kuwakinga. Kama amepata nguvu na manesi wameruhusu, kaeni naye nje kwenye upepo. Msiende kundi.

Na jambo ambalo hamjaniuliza. Kila mgonjwa wa TB anashauriwa kupima VVU, ni utaratibu. Majibu yake ni yake. Kati yenu asitokee wa kumuuliza mama "na kile kingine je?" Nimeona urafiki wa miaka ukifia kwenye swali hilo.

Mteja_Makini, Pasua

Kwa heshima zote nesi, mimi ni mlaji wa vibandani kila siku ya Mungu. Mama jana katoka wodi ya TB, leo ananipakulia wali. Nikila kwingine nimemkosea nini? Nina watoto wadogo nyumbani. Afunge banda mwezi mmoja, apumzike, apimwe, arudi na uhakika. Nyie marafiki mchangieni huo mwezi. Hilo ndilo la kushika, mbona rahisi.

Mama_Mapazia

Mteja Makini, nikujibu taratibu maana mchana nimeshagombana na watu wawili.

Mama lishe akifunga mwezi, banda linapata mtu mwingine. Wateja wa chakula hawana subira, wanakula pale moshi unapofuka. Na akishafunga kwa sababu ya maneno, siku akifungua ndiyo atakuwa amekiri kwamba maneno yalikuwa kweli. La kumchangia nimelichukua, na la kupima alishalisema nesi. Hilo la kufunga libaki Pasua.

Nesi, nisaidie hapo kwenye kutoka wodini. Anaweza kurudi nayo kwenye nguo?

Nesi_Mstaafu_Machame

Nguo hazibebi TB, wala nywele, wala mkoba. Na hata kama Mama J angekuwa ameambukizwa, mtu mwenye vimelea vilivyolala mwilini bila kuugua hamwambukizi mwenzake. Anayeambukiza ni aliyeugua, hasa mapafu, na anakohoa. Kama mama hakohoi, hatoki jasho usiku, hapungui uzito, apime na aendelee na sufuria zake. (Kupungua uzito kwa sasa mtalipima vipi na hali! Ndiyo maana nasema apime.)

Mteja Makini, nakuelewa mwanangu. Lakini kwenye haisi uliyopanda leo na madirisha yamefungwa kuna uwezekano mkubwa zaidi wa kukutana na TB kuliko kwenye sahani ya Mama J.

Apolo_Mstaafu, Arusha

Nimesoma hii nimekaa kimya kwanza. Mimi ni huyo kijana, ila wangu ulikuwa 2016 na haikuwa sugu.

Mama Mapazia, hilo neno vumbi mlilosema wote Krismasi halikuwa uongo, ni nusu ya kweli. Chini kule tunadrili jiwe kavu, vumbi mpaka huoni taa ya mwenzako. Baruti ikipigwa, moshi haujaisha watu wanashuka, kila mtu anataka awahi jiwe. Vumbi la mawe linaacha makovu kwenye mapafu, na TB inakuta mlango uko wazi. Makovu yale hayana dawa. Ndiyo maana mchimbaji anakohoa mwaka mzima na hakuna anayeshtuka, kila mtu pale anakohoa.

Kingine ambacho mama mtu anaweza asijue. Wengi wetu kule hatukuwa na mshahara. Unalishwa, unapata hela ya sabuni, unasubiri jiwe litoke mgawane. Unaweza kukaa mwaka na zaidi bila kutoa kitu. Kwa hiyo huyo kijana amelala pale na aibu, maana hana hela ya kumpa mama hata ya nauli, na ni mama ndiye anauza kiburu kumletea maziwa. Mimi nilikuwa namkasirikia mama akija. Watu wakasema nina kiburi. Nilikuwa siwezi kumwangalia usoni, basi.

Sasa nyie marafiki. Mama yangu alikuwa anauza ndizi mbivu soko la Kilombero hapa Arusha. Rafiki zake walifanya mambo mawili ambayo nayakumbuka mpaka leo. Moja, kuna mama alichukua meza yake kila mchana, akauza, akaandika kwenye daftari, jioni akakabidhi hela na daftari. Hakusema nakusaidia, alisema leo nakushikia. Pili, kuna mwingine alichukua simu. Si simu yenyewe, namaanisha habari. Ukoo mzima uliambiwa anayetaka kujua hali ya mgonjwa ampigie fulani, asimpigie mama. Kabla ya hapo mama alikuwa anausimulia ugonjwa wangu kutwa nzima, shangazi wa Rombo, mjomba wa Babati, jirani, mchungaji, kila mmoja anaanza na "ilikuwaje?" Kila akisimulia anaanza kulia upya. Hiyo ya habari ilimpa usingizi kuliko chai yoyote.

Na mjiandae na hili: kijana atapata nafuu mapema. Wiki chache kwenye dawa kikohozi kinakata, hamu ya chakula inarudi, anaanza kupiga hesabu ya kurudi Mererani. Mimi nilishafunga begi. Nisingeshikwa ningeacha dawa, na ukiziacha katikati ndiyo unaitafuta hiyo sugu. Msimtume mama amkalipie. Mtafutieni wa rika lake, kijana mwenzake ampigie stori za kawaida, mpira, boda, wanawake, halafu katikati amwambie bro, chini hurudi. Mimi aliyenishika alikuwa fundi pikipiki tu wa mtaani, nikashinda gereji kwake mpaka nikamaliza dawa. Leo nina gereji Ngarenaro.

Mama J aambiwe kwamba mchimbaji mmoja amemsalimia.

Mama_wa_Sakina

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mimi niseme ya upande wa mama, maana hayo ya wadudu nesi kamaliza.

Binti yangu alikuwa chuo mwaka wa mwisho. Malaria kali, figo zikagoma, akawekwa kwenye mashine. Mungu mkubwa, figo zilirudi, sasa hivi anafanya kazi. Lakini zile wiki nilijifunza watu.

Waliokuja kunifariji niliwapikia chai mimi. Wanakaa sebuleni, wanaangalia picha yake ukutani, wanasikitika, mimi niko jikoni natafuta sukari. Wakiondoka nafagia makombo ya maandazi. Kulikuwa na mama mmoja hata si rafiki wa karibu, alikuja na gunia dogo la mkaa na miche ya sabuni, akaviweka mlangoni, akaniambia siingii, nawahi. Huyo nikimuona barabarani Sakina mpaka leo navuka kwenda kumsalimia. Mwingine alikuwa ananipigia saa mbili usiku ananipa umbea wa soko: nani kakopa, nani kaolewa, vitunguu vimepanda. Hakuuliza figo. Nilikuwa naisubiri ile simu.

Na nyie mtaona jambo ambalo kwa mtoto mdogo halipo. Mtoto akiwa mdogo daktari anaongea na mama. Huyu ana miaka 27, daktari anaongea naye, na akitaka mama asiambiwe, mama haambiwi. Nilimzaa, nilimnyonyesha, lakini faili lina jina lake. Nilikuwa nasimama nje ya pazia nasikia minong'ono, nikiuliza ananijibu "niko sawa mama." Inauma. Unaona kama umefukuzwa kwenye nyumba uliyoijenga. Mama J anaenda kule kila siku pengine ndiyo hilo analitafuta, mtu amwambie neno. Msimsaidie kuwazunguka madaktari, wala msimtafutie jamaa wa maabara achungulie. Msaidieni aongee na mwanae. Hata barua. Mimi wa kwangu tulikuwa tunaandikiana meseji yeye yuko kitandani mimi niko kwenye benchi la nje, na kwenye meseji alisema aliyokuwa hayasemi mdomoni.

Neno "jikaze" litoeni midomoni. Kajikaza kiasi gani tena.

Meku_wa_Siha

Mimi ni mzee, ninakaa si mbali na hospitali hiyo. Ipo tangu 1926, enzi hizo wanaiita sanatoria. Baba yangu alilazwa miaka ya hamsini, wakati huo tiba kubwa ilikuwa hewa ya mlimani, maziwa na kulala, dawa ndiyo kwanza zinaingia. Akatoka, akazaa sisi wengine. Nasikitika kusikia jina lake bado linatumika kuwatisha watu. Wanaokwenda pale wengi wanarudi na miguu yao.

Siha ni baridi. Mama anayetoka Moshi mjini na kanga asubuhi atatetemeka. Mwambieni kijana anahitaji sweta na soksi nzito.

Mama_Mapazia

Nimerudi na mrejesho.

Kwanza kliniki. Tulienda naye, mimi na wa nguo za watoto, tukamwacha wa viatu na meza zetu zote tatu. Mama J amepigwa picha ya kifua, ametoa makohozi, hana ugonjwa. Mjukuu hana ugonjwa, ameanzishiwa ufuatiliaji na wanawasiliana na Kibong'oto kuhusu dawa ya kinga, kama nesi alivyosema. Yule muuguzi wa kliniki alikuwa mkali kwa mama, lakini ukali wa mtu anayefanya kazi yake, nikampenda.

Banda. Tuliacha kubishana na makuli. Tumehamisha meza yake ya kulia kutoka nyuma ya turubai, tumeiweka mbele kabisa kwenye njia ya wateja, na sisi watatu saa saba kamili tunakaa pale tunakula kiburu, tunalamba vidole, tunacheka kwa sauti. Wa viatu ana sauti ya kusikika mpaka Majengo. Siku za mwanzo watu walipita wanatuangalia kama wendawazimu. Akaja mzee wa mageti, akakaa, akaomba na pilipili. Baada yake wakaanza mmoja mmoja. Hawajarudi wote. Yule wa hotipoti bado anakula banda la pili na tukipishana anasalimia kwa adabu kupita kiasi.

Mchezo. Zamu ya Mama J ilikuwa bado mbali. Niliomba tuigeuze apokee sasa. Palichimbika. Mwenye zamu alikuwa ameshaahidi fundi wa bati. Mwisho tukakubaliana apokee nusu Mama J, nusu mwenye bati, wiki inayofuata wanabadilishana. Mwenye nyumba ya kile kikombe ndiye alikuwa wa kwanza kuunga mkono. Safari hii chai ilikuja kwenye jagi na vikombe vya bati, wote sawa, hata mwenyekiti.

Safari za Siha tumezipanga. Haendi kila siku tena, na siku asiyokwenda anatakiwa alale mchana, tunamfungia mlango kabisa. Habari zote za mgonjwa ziko kwa wa viatu. Apolo, hiyo yako imefanya kazi kuliko yote. Shangazi mmoja alinuna akasema anafichwa, tumemwacha anune.

Kijana wangu mimi anaendesha boda na ni wa rika moja na mgonjwa, walisoma shule moja ya msingi. Nimemtuma. Alirudi ananiambia walichoongea ni Simba na Yanga tu. Nikakasirika, nikamuuliza nauli yangu imeenda kuangalia mpira? Akasema mama tulia, jamaa ameomba redio ndogo na mashine ya kunyolea. Mama J aliposikia mashine ya kunyolea aliketi chini kwenye robota langu. Akasema mtu anayetaka kunyoa ndevu hajakata tamaa. Sweta na soksi pia zimeenda, Meku asante, nilichagua kwenye robota jipya kabla wateja hawajaligusa.

Kuhusu mgodi hajasema kitu na hatujamuuliza.

Majibu ya kuotesha bado. Daktari amemuita mama wakakaa watatu, yeye, kijana na mama, kijana mwenyewe ndiye aliyeomba. Ameshaanzishiwa vidonge, vingi, na anapimwa macho na damu mara kwa mara. Damu ya kukohoa imekata.

Sasa nesi nina swali jingine. Mwalimu wa chekechea amemrudisha mjukuu nyumbani, amesema asikanyage darasani mpaka aletewe karatasi. Mama J amelia kwa hili kuliko kwa lile la makuli. Hiyo karatasi anaandika nani, kliniki au mtendaji? Na mwalimu ana haki?

Nesi_Mstaafu_Machame

Kliniki. Mtendaji hajui lolote kuhusu mapafu ya mtoto, msimsumbue. Nendeni na kadi ya mtoto, mwombe waandike kwamba amechunguzwa, hana ugonjwa, hamwambukizi mtu. Hata watoto wadogo wanaougua TB mara nyingi hawaambukizi kama watu wazima, sembuse huyu asiyeumwa. Mwalimu akiona barua na bado akakataa, ulizeni mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya, yupo, ni kazi yake, atampigia mwalimu mwenyewe. Asiende bibi peke yake. Aende na yule wa viatu.

Mama_Mapazia

Wa viatu ameshavaa.